Chombo Kilichotua Kivulini

Simu ya mama ilipokuwa imezimika kwa siku ya pili, nilipanda mlimani Kibosho nikiwa nimekwisha kuamua. Makubaliano yetu yalikuwa wazi: angebaki peke yake kihambani, katika shamba la ukoo alikozikwa baba, ilimradi apatikane kwa simu. Asipopatikana, angeshuka mjini, Njoro, kuishi nami. Sikuzoea kuvunja makubaliano, wala kuwavumilia wanaoyavunja.

Nilimkuta jikoni akimenya ndizi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Begi hilo tupu ni la nguo zangu?”

“Hupatikani.”

“Sola haichaji. Mimi sijafa.”

Mvua ilianza. Kwa kuwa sikutaka tugombane kabla ya kula, nikamsimulia habari iliyonishughulisha juma zima: chombo kilichoifukuza nyota mkia kwa miaka mingi, kikaifikia, kikawa kinaizunguka, kisha kikateremsha chombo kidogo kitue juu yake. Nyota ile ni bonge la barafu na vumbi, na uvutano wake ni hafifu mno. Kitu kizito kama friji, kule hakizidi uzito wa karatasi.

“Sasa kitakaaje chini?”

“Kilikuwa na vyusa, kama mikuki, vya kujishikiza. Havikufyatuka. Kikadunda, kikaelea, kikadunda tena, kikakwama kando ya genge, kivulini. Nacho kilitegemea jua. Kikatuma habari kilizowahi kukusanya, betri ikaisha, kikanyamaza.”

“Na yule mama yake aliyekibeba? Alikifuata akakirudisha nyumbani?”

“Hapana. Aliendelea kuzunguka, akisikiliza. Nyota ilipolikaribia jua, kile kidogo kiliamka kwa muda, kikasema machache.”

“Unaona! Hakikuwa na kiburi. Kilikosa jua.” Akacheka. Kisha kisu kikasimama mkononi. “Fundi wa sola alikuja lini?”

“Kiangazi.”

Tulitazamana. Kiangazi, nyasi zinapoadimika, migomba iliyo karibu na banda hukatwa majani ili ng’ombe apate kula. Fundi aliliona paa la banda likiwa wazi, akafunga sola pale. Masika yalikuwa yameotesha majani mapya, yakalifunika.

Mvua ilipokatika tulitoka. Sola ilikuwa imelala chini ya majani mapana, imelowa, gizani kabisa. Nikachukua panga.

“Si hilo, hilo bado changa! Hilo la juu. Umekaa mjini mpaka umesahau kukata jani?”

Ng’ombe alikula hadi jioni. Nililala pale, na kesho yake jua lilipopanda, taa ndogo ya sola ikawaka.

Niliteremka na begi langu tupu, nikiwaza jinsi wataalamu waliokirusha chombo kile walivyopekua picha za genge baada ya genge, hadi wakakiona chombo chao pembeni, kimeinamia upande. Nilipofika kwenye lami, simu iliita.

“Umefika?”

“Bado, mama.”

“Mimi napatikana,” akasema, akakata.