Samaki wa Geneva

Wiki iliyopita, kwenye tramu ya Schaerbeek, mjini Brussels, nilikaa nyuma ya kina mama wawili wa Kivu. Mmoja, mwenye kitenge kipya, alikuwa ametoka Geneva, ambako wakwe wa binti yake, Waswisi, walimwalika kula kwenye hoteli ya kifahari kando ya ziwa.

“Garçon akaleta samaki, mikono yote na gants nyeupe,” alisema, akinyoosha vidole kama aliyevaa glavu. “Akaniuliza, ‘Madame, nikuwekee?’ Nikasema, ‘Non, merci, nimeshiba.’”

“Ulikuwa umeshiba?” mwenzake aliuliza.

“Wapi. Njaa ilikuwa inaniua. Nilingoja aniombe mara ya pili, sawa muntu mwenye heshima.”

“Alors, ikakuwa je?”

“Akainama, akabeba samaki yake, akaenda. Na dessert vilevile. Wakwe wanakula, miye niko nakunywa maji na kuangalia lac.”

Mwenzake alicheka hadi akafuta machozi, kisha akatoa mfuko wa maandazi. Msafiri wetu alikataa, akabembelezwa, akakataa tena, halafu akachukua mawili. Nikawaza kwamba hoteli zile zina kila kitu isipokuwa mtu wa kukubembeleza.

Nadhani macho yangu yalikuwa kwenye mfuko, maana mama wa Geneva aliuchukua, akageuka na kuninyooshea. “Papa, karibu.”

“Hapana, asante, nimeshiba,” nilisema kwa adabu zangu zote za Tanga, nikaanza kusubiri.

Aliinamisha kichwa kwa heshima kubwa, akaufunga mfuko.