Siku Niliyomfungia Bwana Miaka Ndani ya Tangi

Nyinyi mnaoniona kila Sabato nimefunga tai, nimesimama mbele ya kanisa kusoma matangazo, hamjui kwamba kuna mji mmoja kando ya ziwa ambao nikipita, hata sasa na mvi zangu hizi, akina mama wazee huziba midomo kwa leso wakacheka, halafu katikati ya kicheko wananyamaza na kunitazama kwa jicho baya. Mji huo ni Sori. Nimeukwepa miaka mingi, lakini kwa kuwa leo mmenibana, wacha niseme tu, aibu ni yangu na nimeizoea.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Mimi kijana, mwalimu wa darasa la tatu, nywele nimezichana nikapasua njia katikati (nilijiona sana), na mwalimu mkuu wetu alikuwa mzee mmoja mrefu, mwembamba, mwenye miwani nzito kama chini ya chupa, Mwalimu Barnaba. Huyu mzee alikuwa ametunga mchezo ambao tuliucheza uwanjani kila mwisho wa mwezi, juu ya mtu anayeitwa Bwana Miaka. Bwana Miaka anaingia ndani ya tangi la maji la mabati, anagonga mara saba, akitoka ni mwaka mwingine. Mwezi huu anatokea kwa mababu kabla ya reli, mwezi ujao anatokea mbele huko ambako watu wa Karungu wanalima mtama mwezini (msicheke, redio ilikuwa inatuambia kuna watu wanazungushwa huko juu angani, tungekataaje?). Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa Bwana Miaka, na watu walimpenda hata watoto wakimpata njiani wanamuuliza, "Bwana Miaka, leo umetoka mwaka gani?"

Sasa, moyo ukaanza kumsumbua. Daktari wa Homa Bay akamwambia wazi, apumzike, asisimame juani akipaza sauti. Sisi tukafikiri mchezo umekwisha, lakini yeye akaniita ofisini.

"Elisha, tutamuua."

"Nani, Mwalimu?"

"Bwana Miaka. Atakufa ndani ya tangi, na atakayetoka ni wewe. Roho ni ile ile, sura ndiyo mpya."

"Watakubali?"

"Ukiamini wewe, wataamini."

Mpango ulikuwa rahisi. Mimi ningejificha ndani ya tangi mapema. Yeye angeingia akipepesuka, angenipa koti lake, kofia na ile miwani, mimi nitoke kwa mlango wa mbele, yeye apenye polepole kwenye tundu tulilokata nyuma, aende nyumbani kwake hapo karibu alale.

Siku yenyewe, saa nane, nikaona jua linaingia kwenye lile tundu la nyuma na kumulika ndani kote. Mlango ukifunguka, mtu wa mstari wa mbele angetuona wawili, na mimi nilitaka nitoke kwenye giza totoro, watu washtuke. Basi nikamwambia mwalimu mwenzangu Odongo asukume magunia matatu ya pamba yaliyokuwa yanangoja lori, azibe tundu. "Ngoma ikilia tu, uyaondoe, Mzee apite." Akaniambia, "Sawa, omera," yaani ndugu yangu. Mwalimu mwenyewe sikumwambia. Nilisema nisimsumbue mzee kwa jambo dogo. Jambo dogo!

Mle ndani joto lilikuwa kama la chungu kilicho mekoni. Nikavua shati, nikabaki na vesti yangu yenye matundu, nikijua koti litaifunika. Nje nikamsikia Mwalimu akiwaaga watu, sauti inakatika, na wanawake, ambao walijua vizuri kabisa ni mchezo, wakaanza kupiga nduru. Si nduru za kuigiza. Zilikuwa zile zile za matangani, na kelele ilizunguka kwenye mabati mpaka sikujua inatoka upande gani. Mlango ukafunguka, Mzee akaingia, akakaa chini. Akanipa kofia, koti, miwani. Mkono wake ulikuwa umelowa na wa baridi, katika joto lile.

"Nenda," akaninong'oneza. "Sasa ni wewe."

Sikumwangalia mara mbili. Nilitoka, nikaufunga mlango nyuma yangu, halafu (hili hatukulipanga, ni madaha yangu tu) nikaupindia waya kwa nje, kama mtu anayefunga kaburi.

Ile miwani haikunionyesha kitu. Watu wote walikuwa kama moshi, moshi wenye macho. Nikasema, "Yule mliyemjua amekufa. Msimlilie. Mimi ndiye yeye." Hakuna aliyepiga makofi. Nikasikia mtoto akiuliza, "Mama, na yule mwingine ako wapi?" na ajuza mmoja akajibu, "Nyamaza. Huyo amevaa nguo za maiti."

Ngoma ikalia. Nikapaza sauti, na sauti iliyotoka, jamani, haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mwalimu, na ule mkwaruzo wake kooni. Nikakohoa kikohozi chake, ambacho sikuwa nimekifanyia mazoezi hata siku moja. Mtu mmoja akasema taratibu, "Ni yeye." Mwili ukanisisimka, lakini msidhani niliogopa, la, nilifurahi! Nikasogea mbele pale alipokaa Mama Rosbela, mke wa Mwalimu, nikanyoosha mkono nikatangaza, "Yule mzee hayupo tena duniani!"

Nyuma yangu, tangi likagongwa.

Mara moja. Kimya. Mara mbili. Halafu kucha zikaanza kukwaruza bati, polepole, kutoka juu kushuka chini. Mimi nilijua kwa hakika kwamba ndani hamna mtu. Mzee alikuwa kwake kitandani. Odongo aliondoa magunia. (Odongo, niliambiwa baadaye, alipoisikia ngoma alikuja mbele kutazama, akasahau.) Kisha ikatoka sauti, imevutwa na mabati ikawa ndefu, haifanani na ya mtu:

"Mimi bado niko."

"Jachien!" mtu akapiga kelele, yaani pepo la mfu, na uwanja mzima ukainuka. Mtaniuliza nani alikimbia wa kwanza. Ni mimi. Mimi, Bwana Miaka mpya, niliwapita akina mama, nikawapita wazee, nikaruka ua bila kuona ninakoruka, nikaanguka kifudifudi juu ya omena, wale dagaa wa ziwani, iliyoanikwa ufuoni, nikateleza nayo mpaka karibu na maji.

Nilipogeuka, nikaona kivuli kimoja tu kinakwenda upande ambao wengine walikuwa wanaukimbia. Mama Rosbela. Alitembea, hakukimbia. Akakunjua waya, akafungua.

"Baba Rosbela, toka."

Akatoka kwa magoti, amelowa jasho, midomo imekauka. Hapo ndipo akili ilinirudia, nikarejea mbio, na watu nao wakaanza kurudi mmoja mmoja kwa nyuma yangu. Mzee akainua uso, akanitazama nikiwa na koti lake na miwani yake.

"Yule pale ni mimi," akasema.

"Hapana, baba. Huyo ni Mwalimu Elisha."

"Ni mimi. Sasa wewe hapa umeshika nani?"

Mama Rosbela akanigeukia. Hakupaza sauti. "Vua."

Nikavua miwani nikampa, akamvisha Mzee. Nikavua koti, na omena ikaanza kumwagika kutoka kwenye mikono ya koti mbele ya Sori nzima, mimi nimesimama na vesti yenye matundu, magamba usoni. Mmoja akacheka, wakacheka wote, kicheko cha watu waliotishwa. Kikakatika ghafla, kwa sababu Mzee, miwani yake machoni, alikuwa anacheka pia, na alikuwa anacheka kwa kicheko changu.

Lori la pamba likatubeba hadi Homa Bay, mimi na Mama Rosbela tumemshika juu ya magunia. Nesi akamuuliza jina. "Elisha," akasema bila kusita, na kabla hatujafungua mdomo nesi alikuwa ameliandika kwenye kadi na kuifunga kitandani. Mama Rosbela alimfuata kumweleza, akaambiwa itarekebishwa. Haikurekebishwa. Siku mbili nilikaa kando ya kitanda chenye jina langu, nikimsikiliza mtu aliyelala humo akiitika nikiitwa mimi. Usingizi nilikuwa nauogopa. Sitawaambia nilikuwa nafikiri nitaamka nani.

Siku ya tatu asubuhi akafungua macho, akamwita mkewe kwa jina, akaomba uji. Nikapiga magoti sakafuni.

"Mwalimu, nisamehe. Magunia ni mimi, na waya ni mimi."

Akanywa uji kwanza. "Nilikusikia kule ndani," akasema. "Uliwaambia nimekufa. Uliwaambia vizuri sana, hata mimi nikaamini. Nikajaribu kukumbuka jina langu gizani, likaja lako."

Akaniwekea mkono kichwani, ukiwa na joto safari hii, nami nikalia mbele ya wadi nzima.

Aliishi miaka mingine, akafundisha, lakini Bwana Miaka hakuchezwa tena na mtu yeyote. Mimi Sori walinibandika jina la Marehemu. Wanafunzi walikuwa wanasimama nikiingia darasani: "Shikamoo, Mwalimu Marehemu." Muhula ulipoisha nikaomba uhamisho, nikapelekwa Kehancha, na huko jina likafika kabla ya sanduku langu.

Sijaigiza tena, na sitatangaza kifo cha mtu, hata kwa mzaha, hata nikiletewa habari na ndugu zake, mpaka nimwone. Na mlango, uwe wa ghala au wa choo, siufungi kwa nje kabla sijaita. Watoto wangu hunicheka, wanasema, "Baba, si umesikia kimya?" Nimesikia. Lakini kimya sikiamini. Naingia kwanza, napapasa kona zote kwa mikono yangu, ndipo nafunga.