Jibu Lililofika Nyuma ya Pole

Msimu ule nilikuwa Newala kwa sababu sikuwa na sababu ya kuwa mahali pengine. Nilikuwa nimetoka Masasi, ambako niliuza viatu vya mtumba, na kabla ya hapo nilibeba magunia ya korosho Tandahimba. Shule niliiacha mapema, lakini kitu chenye skrubu au maandishi hakikunipita hivihivi, na programu za kompyuta nilijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Mama mmoja mwenye duka la pembejeo alinipa kibarua cha kutengeneza simu. Baadaye akataka kitu kikubwa zaidi: msaidizi wa akili mnemba kwenye namba ya duka, awajibu wakulima kuhusu salfa, dawa ya kupuliza mikorosho, na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mikorosho. Nikamtengenezea. Ndani yake niliweka wafanyakazi wengi, yaani vipande vya programu vinavyofanya kazi kwa pamoja. Ujumbe ukiingia, mmoja anauchukua na kuujibu bila kungoja wenzake. Watu waliandika kutoka Chidya hadi Tandahimba na hakuna aliyekaa akisubiri. Nilijiona fundi.

Nilichosahau ni namna watu wa kwetu wanavyotoa habari. Huanzi na jambo lenyewe. Unasalimu, unauliza hali, unasema huku wazima, na neno lililokuleta linakuja mwisho. Kwenye simu, kila kipande cha hayo ni ujumbe wake.

Asubuhi moja bibi wa kijiji cha jirani aliandika vivyo hivyo. Habari za hapo. Huku sisi wazima. Ila mzee wangu amefariki. Yeye ndiye aliyekuwa akipuliza salfa, nami niko eda, siwezi kuja dukani. Mfanyakazi aliyebeba jibu la "wazima" alikwamishwa na mtandao, akawa anajaribu kutuma tena na tena. Aliyebeba jibu la msiba alipita moja kwa moja na kumpa bibi pole nzuri. Kisha mtandao ukafunguka, na chini ya pole ile bibi akasoma: "Nimefurahi sana kusikia hivyo!"

Hakuandika tena. Mama mwenye duka alinionyesha simu. Halafu akaniambia nipande pikipiki nikaombe radhi, maana maua ya mikorosho hayangoji mtu amalize kununa, na yakikauka yule bibi hana kingine cha kuvuna.

Nilikaribishwa barazani. Bibi alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na mdogo wake wa kiume alikaa nami akichonga mpini wa jembe. Nilitoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikatoa pole, nikaeleza kosa la programu yangu kwa urefu ambao haukumsaidia mtu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mashine yetu ni kabila gani.

"Haina kabila, bibi."

"Basi si mtani wetu."

Mdogo wake akainamia mpini kuficha kicheko. Mtani ana ruhusa ya kufanya mzaha msibani, hata kumwigiza marehemu anavyotembea, na hakuna anayekasirika, kwa kuwa mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kaburini na kuchota maji ya wafiwa.

"Mtani akicheka, anachota," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Hiyo yenu imecheka, ikakaa."

Nikauliza madumu yako wapi.

Nilichota kwa baiskeli ya mdogo wake, na bombani wanawake walitaka kujua nimeoa nyumba gani pale. Sikuondoka. Mimi ambaye huwa sikai, nilikaa. Alfajiri, kabla upepo haujaamka na majani yakiwa bado na umande, nilipuliza salfa kwenye mikorosho ya bibi kwa mashine ya marehemu. Jua likipanda nilirudi barazani na kompyuta yangu, nikaifumua kazi niliyojivunia. Nilimweleza bibi kwamba sasa kila mtu atakuwa na mstari wake wa ujumbe, na mfanyakazi mmoja tu atashika mstari huo kwa wakati mmoja. Hatajibu kipande, atangoja kidogo mwenye habari amalize.

"Atajuaje kama nimemaliza? Mimi natafuta herufi moja moja."

"Hawezi kujua, bibi. Anakisia."

"Basi akisie kwa adabu."

Hilo lilinichukua muda mrefu kuliko yote. Nilifanya hivi: mfanyakazi akiwa anaandaa jibu na ujumbe mwingine ukaingia, analitupa lile jibu, anasoma yote upya tangu salamu. Mama mwenye duka alinipigia akilalamika kwamba wateja wataona duka limelala. Nikamwambia kila mmoja anajingoja mwenyewe tu. Wa Chidya hamngoji wa Tandahimba. Akasema tutaona.

Sikumwomba bibi ajaribu. Maua ya juu yalianza kusafika, ya chini bado yalikuwa na weupe, nami nilikuwa katikati ya mikorosho, kitambaa puani, simu ilipotetema mfukoni. Msaidizi hunitumia mimi asichokijua. Nikaufungua mstari wa bibi. Habari za hapo. Huku wazima. Maua ya chini bado yana ukungu, yarudiwe lini? Na huyo kijana mliyemtuma yuko shambani tangu alfajiri, nami siwezi kutoka nikamwone, amekula?

Vipande vyote vilikuwa vimengojwa. Jibu lilikuwa moja: salamu, maelezo ya kurudia salfa, na mwishoni, "Kuhusu kijana, sijui. Ngoja nimuulize." Kwangu msaidizi alikuwa ameandika: "Mteja anauliza kama umekula."

Nilizima mashine ya kupulizia. Nikaandika kwamba bado, nikalitazama jibu langu likingoja kwenye mstari wake hadi likaenda. Haukupita muda, mdogo wake akatokea kati ya mikorosho amebeba hotipoti, akiniambia ninawe kwanza, salfa si chumvi.