Chapati Yangu na Seif

Jamani, niamueni: mtu akikwambia "karibu", ndiyo ukae ule kweli?

Leo asubuhi nimo mgahawani, hapahapa Jang'ombe, gramafoni inaimba. Mpishi kaniletea chapati ya Kihindi, ya samli, kavu, ukiigusa tu inavunjika. Nimeisubiri mpaka chai imepoa!

Akaingia jirani yangu Seif. Nami, kwa adabu tu, nikamwambia, "Karibu, Bwana Seif."

Jawabu lake nyote mnalijua. Mtu husema, "Ahsante, nshakula," akenda zake.

Seif? "Bismillahi!" Kavuta kiti.

Akaianza chapati yangu pembeni, penye ukavu wenyewe, inalia mdomoni mwake mgahawa mzima unasikia. Mie kaniachia kipande cha kati, kilicholainika. Wallahi, nnatazama tu!

Mara mpishi kaleta chapati nyengine, ya moto. Kumbe Seif alishaagiza yake tangu mlangoni!

Nikasema moyoni: haya, sasa zamu yangu.

Seif akaivuta sahani, akanitazama. "Karibu, bwana."

Na huu mdomo wangu, mdomo uliofunzwa adabu, ukajibu wenyewe:

"Ahsante, nshakula."