Tausi Weupe wa Makoko

Miaka ile rangi ya mafuta haikupatikana madukani. Nilikuwa mwalimu Musoma, na kwa kuwa nilijua kuchora, mama mmoja wa Makoko aliniomba nimchoree sebuleni tausi wawili weupe, kama wale wa kwenye kitambaa chake cha kochi. Jumamosi wageni wangetoka Bunda kuja kumposa binti yake, naye hakutaka wakute ukuta mtupu.

Nilikwenda na chokaa, bluu ya kufulia na masizi. Nilimweleza taratibu kwamba tausi mweupe hana ualbino, macho yake si mekundu. Kinachokosekana ni weusi ulio ndani ya unyoya, ule unaosaidia mwanga kung'aa kijani na bluu. Vifaranga wake hutoka wa manjano. Na jike hana yale manyoya marefu. Hapo akagoma: jike ndiye binti yake, naye hawezi kuchorwa mtupu mgongoni huku mwanamume amejaa. Basi, nikawapa wote wawili mikia mirefu.

Tatizo likawa vivuli. Ndege mweupe kwenye ukuta mweupe haonekani bila kivuli cha bluu na kijivu. Nilimweleza Jumatano. Alhamisi nikamweleza tena, nikimwonyesha mikunjo ya shuka jeupe kwenye kamba. Akaitikia kwa heshima zote. Ijumaa nilipotoka shule nikakuta amewapaka ndege wote wawili chokaa, miguu hadi kichwa.

"Mwalimu, nilikuwaga naona umewachafua," akasema. "Nikaona nikusaidie."

Ukuta ulikuwa mweupe pe. Nilikaa chini kidogo. Kisha nikachimba udongo mwekundu nyuma ya jiko, nikaukoroga, nikaanza kupaka ukuta badala ya ndege, nikiwazunguka unyoya kwa unyoya mpaka jua likazama. Wakatokea.

"Sasa hapo," akasema mama. "Si ungeanza hivyo tangu Jumatano?"

Jumamosi mjomba wa kijana aliyekuja kuposa, mfugaji, alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Akawaambia wenzake kwamba hapa wamefika kwa watu wanaojua ng'ombe, maana wamechora yangeyange, ndege weupe wanaofuata ng'ombe malishoni. Mikia tu ndiyo imezidi kidogo. Wenzake wakakubali, nyuso zikalegea, mazungumzo yakaanza vizuri.

Nikakohoa ili nieleze.

Mama akanisogezea sahani ya sato. "Mwalimu," akasema polepole, "kula."