Glavu za Mama Kwenye Kamba ya Nguo

Hadi leo nikisikia harufu ya javeli, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, hata kama ni jirani yangu tu hapa Baraka anafua mashati ya watoto wake, hasira hunipanda kabla ya huzuni. Mnisamehe, habari hii sitaweza kuisimulia kwa upole.

Mama alikuwa mkunga katika kituo cha afya cha Lubondja. Glavu za kutumia mara moja na kutupa, yeye alizifua, akaziloweka katika javeli, akazianika nyuma ya nyumba yetu, kando ya kituo. Upepo ukivuma zilituna vidole vyote, nasi watoto tukazipungia mikono na kuzipa majina ya wajomba zetu waliokwenda Kazimia kununua samaki wakachelewa kurudi. Mama alicheka, lakini hakuturuhusu kuzigusa. Nyingine hakuwa nazo, na kila alipoziomba aliambiwa avumilie.

Siku moja tulitangaziwa wageni wakubwa. Uwanja ulifagiliwa, mawe yakapakwa chokaa, akina mama wakafundishwa wimbo. Ndipo mkuu wa kituo alipoiona kamba yetu.

"Mama Neema, ondosha ile vitu! Bageni bataona sisi ni bamasikini."

"Na kama mwanamuke anakuja kuzaa, Chef?"

"Atangoja kidogo."

"Mutoto hana protokole," Mama akajibu.

Mkuu hakumsikiliza. Alizikusanya mwenyewe katika sufuria, akampa jirani yetu akazifungie kwake. Jirani, mtu mwema asiyejua kitu, akatia kufuli mlangoni na kwenda zake shambani kung'oa mihogo.

Hotuba zilikuwa katikati wanaume walipofika mbio na kipoyi mabegani, na juu yake amelala mwanamke mkimbizi kutoka Burundi, kitenge chake kimelowa damu. Mama alinituma kwa jirani. Nilitikisa lile kufuli mpaka viganja vikauma, nikarudi mikono mitupu. Mama alikitazama kidole chake alichojikata asubuhi ile akimenya mihogo, kisha akaingia ndani.

Mtoto alilia, mzazi akapona. Wageni wakapiga makofi. Mmoja wao alimpiga picha Mama akiwa na damu hadi kwenye viwiko, akasema, "Huyu mama iko na moyo kweli!" Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa kwetu walikuja, wakala kuku wetu, wakapanda gari lao, na glavu hatukuletewa hata moja. Mimi, kwa utoto wangu, nilijivunia ile picha kwa wenzangu wote shuleni.

Miaka ilipita, ini la Mama likaanza kuharibika na macho yake yakawa ya manjano. Daktari mmoja alimuuliza kama aliwahi kushika damu ya watu bila kinga. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Mazikoni yule mkuu wa kituo, sasa mzee mwenye mvi, alisimama kuhutubia, akaanza na neno lile lile la mgeni: Mama alikuwa na moyo. Utotoni nilidhani neno hilo ni zawadi. Siku ile nilielewa kwamba ndilo walilompa miaka yote badala ya kile alichoomba. Nilisimama kando ya jeneza, mbele ya watu wote.

"Kaa chini, Papa," nikamwambia mzee yule. "Mama yangu alikuwa anaombaka glavu tu."