Mwiko wa Bibi Bondeni Jangwani

Juzi mvua ilipokatika nilishuka Jangwani kutoka Kariakoo, simu mkononi, nikakuta maji yametuama bondeni na mayungiyungi yamechanua. Nilipiga picha arobaini na ushee. Niliporudi chumbani sikuwa na wa kumwonyesha, ndiyo maana nakusimulia wewe.

Nilikuwa na miaka tisa, naishi na bibi kwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Alipika ubwabwa wa kuuza, na mikono yake ilinukia nazi hata siku za kupumzika. Masika yakiisha tulikuwa tunaenda bondeni kuchuma mchicha, na mwaka ule maji yaliacha ziwa dogo lililojaa maua. Nikawa nayasema maua hayo kutwa, mpaka jirani yetu, mpiga picha za pasipoti, akanihurumia. Akaniazima kamera yake kuukuu yenye kipande cha filamu, picha nne tu.

"Ukimaliza niletee nikasafishe. Usifungue mgongo, binti, mwanga unaunguza."

Bondeni tukapanda bodi la friji bovu lililokuwa likielea, bibi akipiga kasia kwa mwiko wa ubwabwa. Wapita njia walitucheka, naye akawa anawapungia. Maua niliyapiga mara tatu. Ya nne nikamgeuzia yeye, ambaye hakuwahi kukubali kupigwa picha kwa sababu ya pengo lake la mbele. Akaweka kanga sawa, akauegemeza mwiko begani.

"Haya, mke mwenzangu, piga kabla sijaghairi."

Tuliporudi, jirani alikuwa bado kazini. Mimi na papara zangu nikakaa barazani, nikafungua mgongo wa kamera nione maua yametokeaje. Kulikuwa na utepe wa kahawia tu. Jirani alipokuja aliutazama, akafunga kamera taratibu.

"Imeungua yote, binti."

Nililia sana. Bibi akacheka, akasema masika mengine tutarudi, na safari hiyo atavaa gauni la Idi. Masika mengine yalipofika, bibi alikuwa ameshazikwa.

Kibanda cha jirani sasa kinauza vioo vya simu. Mwiko ninao mimi, naujua ufa wake na alama ya moto kwenye mpini. Sura ya bibi ndiyo inayonitoka, kidogo kidogo kila mwaka, na inaniuma kwamba hakuna wa kumuuliza. Jana nikazipitia zile picha za simu. Katika kila moja nimeacha nafasi katikati ya maua, ya mtu mmoja kukaa.